Namba Nne Hakubaliani

Siku hizi vijana wanaomaliza chuo kikuu, wakipata ile meseji, huja kwetu kuniuliza. Husimama mlangoni na kunionyesha simu kama mtu anayeonyesha majibu ya hospitali: unaalikwa kwenye siku ya tathmini, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, uje na kitambulisho, diploma yenyewe na kalamu. Wanataka kujua wavae nini. Huwaambia wavae viatu ambavyo havitawabana mpaka saa kumi, na kwamba viatu ndiyo shida ndogo. Kisha nawasimulia habari za mchikichi wetu wa mpakani, nao hunitazama kwa huruma, wakidhani kazi imenichosha akili.

Mimi niliipata meseji hiyo nikiwa na miaka miwili ya kukaa nyumbani hapa Rumonge, diploma yangu ya usimamizi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Nilichemsha chikichi pamoja na mama, nikakamua mawese kwenye mashine ya kuzungusha kwa mikono, na kila aliyepita njiani alijipa haki ya kuniuliza kama bado sijapata kazi. Nilikuwa nikijibu kwamba nimepata, ila naifanya kwa siri. Kampuni iliyoniita ilinunua chikichi kwa wakulima na kutengeneza sabuni, na sasa ilitafuta vijana waliosoma wasimamie ununuzi. Niliitaka kazi ile kwa uchu, sioni haya kusema. Nilitaka kuamka asubuhi na kuvaa viatu kwa sababu kuna mahali natakiwa.

Dakika kumi hazikupita, jirani yetu akavuka mpaka, simu mkononi. Tulisoma naye sekondari, akaenda kusoma kilimo nami nikaenda kwenye usimamizi, na sote tukarudi kwa mama zetu. Naye alikuwa ameitwa, siku ileile, saa ileile.

Lazima nieleze mpaka wenyewe. Wazazi wangu walikimbilia Tanzania wakiwa vijana, nami nikazaliwa kambini huko. Tuliporudi nikiwa na miaka kumi, tulikuta shamba la babu lina familia nyingine, imekaa pale miaka mingi, ina nyumba na makaburi. Wao hawakutunyang'anya, walipewa. Sisi hatukuuza, tulikimbia. Wazee wa mlima, maana kwetu kijiji huitwa mlima, wakasikiliza pande zote mbili wiki nzima, mwisho wakavuta kamba kutoka barabarani hadi karibu na ziwa, wakasema huku kwenu, kule kwao. Kamba ile ilipita katikati kabisa ya shina la mchikichi mmoja. Hakuna aliyesema neno. Na kabla ya kuondoka wazee walitupa sheria moja, wakairudia mara tatu: msipingane mbele za watu. Mwenye neno alimeze.

Tuliimeza sheria hiyo tukashiba. Watu wa milima mingine walikatana maneno na hata mapanga kwa sababu ya mashamba, lakini sisi na watu wa ng'ambo ya kamba tuliishi kwa adabu ambayo ingewapendeza malaika. Mbuzi wao akila mboga zetu, mama alisema mboga zilikuwa zimezeeka. Kuku wetu akitaga kwao, mama yao alituletea yai mikononi, kama anapeleka sadaka. Na ule mchikichi wa katikati haukukatwa mikungu na mtu. Kila msimu mikungu yake iliiva, ikawa myekundu, ikaanguka yenyewe, ikaoza. Ndege walinenepa. Baba alifariki bila kuugusa.

Sasa wanisikilize vijana, hapa ndipo kosa letu lilipozaliwa. Jioni kabla ya tathmini, mimi na jirani tulikaa uani kwao kusoma. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa ametuambia kwamba kutakuwa na mtihani wa kuandika, majadiliano ya kundi huku watu wakituandika, na mahojiano. Jirani akafikiri kidogo, akasema neno ambalo wakati ule niliona ni la busara kuliko yote.

"Miye sitakupinga mbele ya watu, na weye usinipinge. Vile tunaingia, ni vile tutatoka."

Tukapeana mikono. Mama yake alisikia kutoka jikoni, akatoka kutubariki. Mama yangu alipopata habari alisema wazee wangekuwa hai wangefurahi. Hakuna hata mmoja kati yetu wanne aliyejiuliza kama kampuni ya sabuni inatafuta watu wasiopingana.

Tulikuwa wanane katika ukumbi wa kampuni, si mbali na bandari. Tulibandikwa namba kifuani, mimi nne, yeye tano, na tangu hapo hatukuwa na majina. Watu wanne walikaa pembeni na karatasi zao, mkubwa wao akiwa mama mmoja mwenye miwani aliyetoka Bujumbura. Hakutabasamu, wala hakununa. Alituangalia tu, kama mtu anayechagua mchele.

Mtihani wa kuandika ulikuwa barua kumi na mbili za Kifaransa ndani ya faili, kana kwamba ni za meneja aliyekuwa safarini. Mkulima analalamika, mzani umeharibika, dereva anaomba ruhusa ya kwenda msibani, mkurugenzi anataka ripoti iliyotakiwa jana. Tulitakiwa kupanga ipi ishughulikiwe kwanza na kueleza kwa nini, kwa dakika arobaini. Niliuweka mzani mbele ya mkurugenzi, kwa sababu bila mzani hakuna cha kuandika kwenye ripoti. Nilipotoka nilijisikia vizuri, nikaanza kujipa mshahara.

Kisha yakaja majadiliano. Tulikaa duara, tukapewa kisa kimoja: kampuni ina lori moja na inanunua chikichi katika milima mitatu. Chikichi ikikatwa haingoji. Ikilala siku kadhaa mafuta yake yanachachuka na sabuni inaharibika. Mlima wa tatu uko mbali na njia yake ni mbovu. Lori lifanye nini? Dakika thelathini.

 Kila mtu alimtazama namba moja, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu aliyewahi kufundisha. Namba moja naye akawakaribisha wanawake kwanza. Wanawake tukamshukuru, tukamrudishia. Mwisho akasema kwamba jambo hili ni gumu na linahitaji hekima. Namba mbili akaunga mkono. Namba tatu akaunga mkono aliyeunga mkono. Ilipofika kwangu nilikuwa na wazo, lakini jirani yangu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa akikubaliana na wote, nami nikaona kusema kitu kingine ni kumpinga. Nikasema nakubaliana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini chetu hakikuwa na mshindo wala kishindo. Dakika thelathini ziliisha lori likiwa limesimama palepale.

Mama wa miwani akainuka, akainua karatasi yake ili tuione. Haikuwa na herufi hata moja.

"Nimekaa nusu saa na kalamu mkononi," alisema kwa Kiswahili, taratibu. "Mimi siandiki adabu. Mchana tutarudia kisa hikihiki. Na jadilini kwa lugha ile munagombana nayo nyumbani."

Niliwaza kwamba nyumbani kwetu hatugombani kwa lugha yoyote, na kwa mara ya kwanza wazo hilo halikunipa fahari.

Chakula cha mchana kilikuwa wali, maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Vijana huniuliza kama na chakula kinapimwa. Sijui. Najua tu kwamba wote wanane tuliamini kinapimwa, na sijawahi kuona ndagala wakiliwa kwa uma na kisu isipokuwa siku ile. Namba sita alimkimbiza mmoja sahani nzima. Jirani yangu alinifuata nje, akaninong'oneza kwamba mchana yeye ataanza kusema, amepata mpango mzuri, na mimi nikumbuke neno letu. Nikamwambia nakumbuka. Nilikuwa nalikumbuka kweli, lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Saa nane tukarudi kwenye duara. Jirani akasimama, akazungumza vizuri. Mpango wake ulikuwa huu: lori lisiende kokote mpaka milima yote mitatu iwe imekata na kukusanya, kisha Jumamosi lizunguke kote siku moja, ili asiwepo wa kusema ameachwa. Ulikuwa mpango wa mtoto aliyelelewa kama mimi. Watu wakatikisa vichwa. Namba moja akasema hiyo ndiyo haki. Mimi nikahesabu moyoni: mlima unaokata Jumatatu, chikichi yake inangoja hadi Jumamosi. Niliiona ile mikungu. Niliiona nyekundu, kisha nyeusi, na nzi juu yake, chini ya mchikichi ambao kila mtu aliuheshimu na hakuna aliyeukata.

Mama wa miwani akauliza kama wote tunakubali. Vichwa vikatikisika. Akatazama kifua changu.

"Namba nne?"

Nilikuwa naogopa, nisidanganye. Kazi ilikuwa mkono mmoja, na mkono wa pili kulikuwa na miaka kumi na sita ya amani kati ya nyumba mbili. Nilijua nikifungua mdomo habari itafika uani kabla yangu. Nikajikaza.

"Sikubaliani na namba tano," nikasema. "Kila mlima utafurahi, na chikichi yote itaoza."

 Jirani alinitazama kama nimemkanyaga mguu kanisani. Nilisikia kalamu nne zikiandika, na nikamchukia kila mwenye kalamu. Nikaeleza siku za kungoja, nikaeleza mafuta yanavyochachuka, maana hayo nayajua kwa pua yangu. Nikasema mlima wa tatu uachwe msimu huu, mpaka njia itengenezwe.

Hapo naye akawaka. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Akasema kama chikichi naijua, basi watu siwajui. Ukiuacha mlima mmoja, watu wake hawatasema njia ni mbovu, watasema wamebaguliwa, na hapa kwetu tunajua neno hilo likilala shambani linaota nini. Akaniuliza kama nimesahau tulikotoka. Nilitaka kumjibu vibaya, jibu lilikuwa tayari kabisa, lakini niligundua kwamba anachosema ni kweli. Iliniudhi sana kuwa ni kweli.

"Basi tusihamishe lori," nikasema. "Tuhamishe siku ya kukata."

Akaelewa kabla ya wengine, kwa sababu kwenye mashine za kukamua mtaani kwetu ndivyo tunavyofanya: hakati mtu mikungu yake kabla ya kujua zamu yake ya mashine ni lini. Akaidaka. Kila mlima upewe siku yake, ukate, na kesho yake lori lifike, na wa mbali upewe siku ambayo lori halina pengine pa kwenda. Namba moja akauliza mvua ikikata njia itakuwaje. Namba sita, yule wa ndagala, akasema yeye anatoka Kigwena na anajua njia ya juu. Tukaanza kukatizana. Muda ulipoisha tulikuwa tumesimama wote wanane, na namba tatu, yule aliyeunga mkono aliyeunga mkono, alikuwa akibishana na mtu bila kuungwa mkono na yeyote.

Katika mahojiano mama wa miwani aliniuliza swali ambalo nasikia wanaliuliza kila mahali: nieleze wakati nilipotofautiana na mwenzangu na jinsi tulivyomaliza. Nilikuwa nimeandaa jibu la kutunga tangu Jumanne. Badala yake nikamwambia: leo, saa nane mchana, na hatujamaliza. Akacheka kwa mara ya kwanza. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nawaza njia ya kurudi nyumbani.

Na ilikuwa ndefu kweli. Tulitembea pamoja, yeye upande wa ziwa, mimi upande wa nyumba. Tulipofika kwenye mchikichi wa katikati akasimama, akasema nilimpa mkono, kisha nikampinga mbele ya watu. Nikamwambia ni kweli, na naomba radhi kwa mkono, lakini kwa chikichi siombi radhi. Akaingia kwao. Mama yangu aliposikia alikaa chini, akaniuliza kama nimeona kazi ya sabuni ina thamani kuliko wazee waliokaa wiki nzima wakitupatanisha. Nililia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nililia kama mtoto aliyevunja mtungi, maana kazi yenyewe sikuwa na hakika nayo, na amani nilikuwa nimeshaivunja.

Siku tatu hapakuwa na yai lililovuka mpaka. Siku ya nne, Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani, mama wa ng'ambo akaingia uani kwetu na kitenge chake kizuri, mwanawe nyuma yake. Mama akamletea kiti. Akasalimia kwa Kirundi, amahoro, yaani amani, akakaa, akakataa maji. Tukajua kuna neno.

"Mutoto yako alimupinga wangu mbele ya watu," akasema.

Mama akaanza kuomba radhi. Mwenzake akainua kiganja.

"Sikukuja juu ya ile. Nimekuja juu ya muchikichi ya katikati. Ile muchikichi iko yetu."

Nilimtazama mama. Nilidhani atasema ndiyo dada, chukueni, kama alivyosema kuhusu mboga. Mama alijifunga upya kitambaa cha kichwa, polepole.

"Hapana, dada," akasema. "Ni wetu. Baba mkwe wangu aliupanda kabla hatujakimbia."

"Na miye niliupalilia miaka yote hamukuwa hapa. Bila miye ungekufa."

Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na hayakuwahi kusemwa. Jirani na mimi tulitazamana kwa hofu, kama watoto wanaosikia wazazi wakigombana chumbani. Mama akamwuliza, basi kama ni wenu, mbona miaka yote hamkuukata? Yule akajibu, na ninyi je? Mama akasema tuliambiwa tusigombane. Mama wa ng'ambo akasema na sisi hivyohivyo.  Kisha mama yangu, ambaye hacheki ovyo, alianza kutikisika mabega, na mwenzake akamfuata, wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa vitenge vyao vya Jumapili. Nadhani walikuwa wanacheka, na nadhani pia walikuwa wanaililia mikungu yote ile.

Jirani alileta ukanda wa kukwelea michikichi, akapanda juu bila kubadilisha nguo za kanisani. Mikungu minne iliyoiva ilianguka, miwili huku na miwili kule, na hatukuhesabu ya nani ni ipi, tuliitia yote ndani ya pipa moja.

Ilikuwa inachemka Jumanne asubuhi simu yangu ilipolia. Alikuwa mama wa miwani. Alisema nafasi ya Rumonge ni yangu, na namba tano wamemwekea ghala jipya la Nyanza-Lac, kwa sababu mtu anayeambiwa amekosea na bado akaiendeleza hoja ya aliyempinga hawampati kila siku. Nilijikuta nimekaa juu ya kuni, sijui nilikaa lini. Kisha akasema ana swali moja kabla ya kutuma barua. Ameona kwenye fomu zetu kwamba sisi ni majirani, na kazi itatulazimu kuzungumza kila siku. Akataka nimwambie ukweli: baada ya siku ile, mimi na yeye bado tunasemezana?

Nilitazama uani. Mama zetu wawili walikuwa wamesimama pande mbili za pipa, mmoja akisema maji yameongezwa mno, wa pili akisema mwenzake hajui kuchemsha na hajawahi kujua. Jirani alikuwa amepiga magoti akipuliza moto, akinipungia mkono nije nimsaidie, niache uvivu.

"Madame," nikasema, "sasa ndiyo tumeanza."